Mgonjwa wa neva anahitaji nguvu ya kupumua, si oksijeni tu

UGONJWA wa neva zinazoendesha misuli hauna tiba ya kuuponya. Huanza kwa mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, na hatimaye hudhoofisha misuli ya kupumulia. Wengi hufariki dunia kwa kushindwa kupumua, lakini msaada sahihi ukiwahi huwaongezea siku za kuishi.

Kwa familia nyingi za Kibondo na Kasulu, msaada unaofikiriwa kwanza ni oksijeni. Hapo ndipo penye hatari. Kwa kawaida tatizo la mgonjwa huyu halianzii kwenye mapafu, bali kwenye misuli inayoyajaza hewa. Oksijeni peke yake yaweza kupandisha kipimo cha kidoleni huku hewa ya ukaa ikilundikana mwilini, hadi mgonjwa akapoteza fahamu.

Ipo pia mashine ya shinikizo moja, wanayotumia watu ambao pumzi huwaziba usingizini. Hiyo huacha koo wazi, lakini haifanyi kazi ya misuli iliyochoka.

Inayofaa zaidi ni mashine ya shinikizo mbili, inayovaliwa kwa barakoa bila kupasua koo. Husukuma hewa kwa nguvu mgonjwa anapovuta pumzi, na hupunguza anapoitoa. Utafiti uliofanyika Newcastle, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa iliongeza maisha kwa takriban siku 205 kwa wagonjwa ambao koo na ulimi havijaathirika sana. Kwa walioathirika zaidi haikurefusha maisha, ingawa iliwapa nafuu.

Kifaa kipya si lazima kiwe bora. Mwaka 2015, utafiti mwingine wa Uingereza ulibaini kuwa waliowekewa kifaa cha kusisimua kiwambo kwa umeme, pamoja na mashine hiyo, waliishi miezi 11, ilhali waliotumia mashine pekee waliishi miezi 22.5.

Mashine hiyo hutumika usiku kucha nyumbani. Hivyo kwa mkazi wa Kitahana, umeme ukikatika bila betri ya akiba, pumzi nayo imo hatarini.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Kipimo chake kwa wagonjwa hawa kitakuwa iwapo bima itamfuata mgonjwa hadi kitandani kwake. Wakati huo huo, maumivu ya kichwa asubuhi, usingizi wa mchana na kushindwa kulala chali ni dalili za kumwahi daktari, si za kusubiri.