Mwacha Mila ni Mtumwa: Babymetal na Lugha ya Jukwaani

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, katika biashara ya muziki imekita mizizi imani kwamba msanii atakaye kusikika duniani kote sharti aitupe lugha yake na kuimba kwa Kiingereza. Imani hiyo yafaa kupimwa, na kipimo mwafaka ni kundi la Babymetal la Japani pamoja na albamu yake ya pili, Metal Resistance.

Kundi hili liliasisiwa mnamo 2010 chini ya kampuni ya Amuse. Mtayarishaji wake, ajulikanaye kama Kobametal, aliwaleta pamoja Suzuka Nakamoto, Yui Mizuno na Moa Kikuchi, wasichana waliokuwa wakilelewa katika fani ambayo Wajapani huiita 'aidoru': vijana wanaofunzwa kuimba, kucheza na kuivutia hadhira kwa haiba yao. Akaioza fani hiyo kwa roki ya metali, muziki wa magitaa yanayonguruma na ngoma za kasi. Mashabiki wengi wa metali waliiona ndoa hiyo kuwa mzaha.

Mzaha huo ulizaa matunda. Metal Resistance ilitolewa tarehe 1 Aprili 2016, ikafika nafasi ya 15 katika chati ya albamu ya Uingereza na ya 39 nchini Marekani. Siku iliyofuata, Babymetal ilitumbuiza katika ukumbi wa Wembley, London, ikiwa kundi la kwanza la Kijapani kuwa mwenye shughuli ukumbini humo. Mnamo Septemba mwaka huo huo, maonyesho mawili ya Tokyo Dome yalihudhuriwa na watu 110,000 kwa jumla.

Kabla ya hapo, Mjapani wa mwisho kuingia katika albamu 40 bora za Marekani alikuwa Kyu Sakamoto, mwaka 1963. Kisa chake kina funzo kwa mwanafunzi yeyote wa lugha. Wimbo uliompa umaarufu uliitwa 'Ue o Muite Aruko', yaani 'nitembee nikitazama juu', nao ni wimbo wa mtu anayezuia machozi. Wafanyabiashara wa ng'ambo waliliona jina hilo kuwa gumu, wakaubandika jina 'Sukiyaki', ambalo ni la mlo wa nyama! Kijapani kilikaribishwa masikioni, lakini kikanyimwa haki ya kujitaja. Miaka 53 baadaye, nyimbo kama 'Karate' na 'Meta Taro' ziliuzwa ughaibuni kwa majina yake zenyewe. Hayo ni mapinduzi ya heshima, si ya mauzo pekee.

Wapo watakaopinga kwamba hadhira ya London ilifuata mdundo, si maneno. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, ila inasahau kuwa sauti nayo ni sehemu ya lugha. Nyimbo za Babymetal zimesheheni tanakali za sauti na vilio vya wapiganaji, ambavyo hata asiyejua Kijapani huweza kuvipokea na kuvijibu. Aidha, maneno ya Kiingereza yanapoingia katika nyimbo hizo, aghalabu hutiwa irabu za Kijapani, jinsi Kiswahili nacho kilivyolimeza neno 'chokoleti' na kulifanya lake. Lugha inayokopa namna hiyo haijisalimishi.

Wengine watataja wimbo 'The One', ambao katika toleo la kimataifa uliimbwa kwa Kiingereza. Ni kweli. Lakini toleo la Japani lilibaki na Kijapani chake, na sehemu kubwa ya albamu haikubadilishwa lugha kwa ajili ya mgeni. Kiingereza kilipewa kiti sebuleni, hakikukabidhiwa nyumba.

Iwapo kuna la kutahadhari, ni kule kudhani kwamba chema chajiuza. Babymetal haikujiuza. Ilikuwa na kampuni iliyogharimia ziara, wanamuziki stadi nyuma ya waimbaji, na miaka ya mazoezi kabla ya Wembley. Mizuno alijiondoa mwaka 2018, lakini kundi likaendelea kwa kuwa lilikuwa na misingi. Lugha haikuwa kikwazo, wala haikuwa muujiza. Ilihitaji wa kuibeba.

Hapo ndipo wapenzi wa Kiswahili wanapopaswa kujitazama. Ni rahisi kuwalaumu wasanii wanaokimbilia Kiingereza. Ni vigumu zaidi kuuliza ni nani aliyewekeza katika ustadi wa wale wanaobaki. Kuisifu lugha kwenye makongamano hakutoshi. Mwacha mila ni mtumwa, naam, lakini anayeishika mila bila kuitafutia jukwaa ameishika mkononi tu.