Batri ya pili isinyweshwe kwa pupa

Juma hili tunajibu ulizo la kikundi cha wanaouza ndagala: batri ya taa za uvuvi, iliyonunuliwa kwa pesa za likelemba, inaweza kufungwa ndani ya gari linaloenda Kalemie ili ifike imejaa? Inaweza. Lakini si kwa nyaya mbili tupu, plus kwa plus na minus kwa minus, kama mashofere wengi wanavyofanya.

Batri iliyoisha ni kama mtu aliyerudi shambani na kiu: ukimwachia mtungi, anakunywa kwa pupa. Dinamo ya gari nayo haijui kusema basi. Inatoa kadiri batri inavyovuta, mpaka nguvu zake ziishe. Kazi yake ni kulisha taa na kurudisha kile kidogo kilichotumika kuwasha moteri, si kujaza batri tupu kwa saa nyingi. Basi inapata moto, na nyaya nyembamba zinapata moto zaidi. Ganda la waya likiyeyuka ndani ya gari lenye madumu ya mafuta na watoto juu ya mizigo, hatuna haja ya kueleza kinachofuata.

Kiasi gani kinafaa? Kwa batri ya kawaida, ile ya risasi na asidi, tazameni namba iliyoandikwa ubavuni mwake na mchukue sehemu moja ya kumi. Ya 100 inataka ampea 10. Ya 40 inatosheka na 4. Itachukua saa kumi au zaidi, na pengine safari moja haitatosha. Heri hivyo kuliko kununua batri nyingine. Zile mpya za lithiamu ni nyepesi kubeba kichwani, kweli, lakini zinavuta kwa ukali kuliko zote. Zisifungwe garini bila chaja yake.

Chaja hiyo inakaa katikati, kati ya dinamo na batri ya pili, na haipitishi zaidi ya ampea zake. Mkinunua, ulizeni ni ngapi. Ni ghali kwa mtu mmoja, kwa kikundi si sana.

Wasio nayo, kwa batri ya risasi, wamwombe fundi afunge ampuli ya taa ya mbele ya gari, ya wati 55, ndani ya waya wa plus. Batri ikivuta sana, ampuli inawaka na kuzuia: ikishapata moto haipitishi zaidi ya ampea 5 hivi. Batri ikikaribia kujaa, mwanga unafifia. Iwe ampuli ya zamani yenye uzi ndani, na ikae mbali na magunia na nguo, kwa sababu inachoma.

Wengine wanadhani fyuzi ndiyo inayopunguza umeme. Hapana, fyuzi inakata tu hatari ikishaanza. Hata hivyo lazima ziwe mbili, moja karibu na kila batri, maana waya huu una umeme pande zote mbili.

Batri ya risasi ikijazwa inatoa hewa inayoweza kulipuka. Sigara na mbabula vikae mbali, na madirisha yafunguliwe. Mwenye gari akikataa fyuzi, shusheni batri yenu na mngojee gari lingine.