Kartasi za serkali kwenye intaneti: kuziweka haitoshi, zipangwe

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 24, inampa kila mtu haki ya kupata habari. Mwaka 2011, amri ya tarehe 20 Mei iliagiza kwamba kila mkataba unaohusu mali asili ya Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo uchapishwe. Mwaka 2018, Kanuni ya Madini iliyorekebishwa ikazitaka kampuni za uchimbaji ziandikiane na jamii za wenyeji hati ya majukumu, ile ambayo wengi wanaiita cahier des charges, kuhusu mambo kama shule, barabara, maji na vituo vya afya. Sheria ziko. Linalobaki ni swali dogo ambalo linaulizwa mara chache: raia akifungua dosie la hati hizo kwenye intaneti, anaona nini kwanza?

Chukua mfano wa mkaaji wa Kolwezi anayetafuta makubaliano ya mwisho ya kampuni inayochimba karibu na kijiji chake. Ananunua mega, anafungua ukurasa kwenye telefone, anakuta nyongeza kumi na mbili za mkataba mmoja. Orodha inakwenda hivi: Avenant-1, Avenant-10, Avenant-11, Avenant-12, Avenant-2, Avenant-3, na kuendelea hadi Avenant-9. Kwa kuwa watu wamezoea kwamba cha mwisho ndicho kipya, anashuka hadi chini na kufungua ya tisa. Anasoma, anapiga picha za kurasa, anazituma katika kundi la WhatsApp la kijiji. Lakini nyongeza inayotumika leo ni ya kumi na mbili, na iko mstari wa nne. Hakuna aliyeficha kitu, hakuna aliyesema uongo. Hata hivyo kijiji kizima kitaingia katika mkutano na kampuni kikiwa kimeshika kartasi iliyopitwa na wakati.

Kosa hili lina chanzo kinachojulikana. Kurasa nyingi za namna hiyo zinatengenezwa na skripti fupi, mara nyingi ya lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa watu mwaka 1995. Kazi ya skripti ni nyepesi: inafungua dosie kwenye seva, inasoma majina ya faili moja moja, inayapanga, kisha inayaandika kwenye ukurasa ili msomaji abonyeze. Mistari kumi inaweza kutosha. Tatizo liko katika hilo neno "inayapanga".

Mtengenezaji akitumia agizo la readdir peke yake, hakuna mpangilio wowote: majina yanatoka jinsi diski ya seva ilivyoyahifadhi, na msomaji anaona fujo. Akitumia scandir, majina yanapangwa, lakini kwa namba ya kila herufi katika ordinatere, wala si kwa maana yake. Mashini inalinganisha alama ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Ikikuta "10" na "2", inaona 1 iko kabla ya 2, na kesi inaishia hapo. Haijui kwamba kumi ni kubwa kuliko mbili. Mtoto wa shule ya msingi anajua.

Shida haiishii kwenye hesabu. Katika orodha ya alama za ordinatere, herufi kubwa A ina namba 65 na Z ina namba 90, huku a ndogo ikianza na 97. Kwa hiyo faili inayoitwa "arrêté" itakaa chini ya ile inayoitwa "Zone", kwa sababu tu sekreteri mmoja aliandika kwa herufi ndogo na mwenzake kwa herufi kubwa. Herufi É, yenye alama juu yake, ina namba 201. Matokeo yake nchini Congo ni ya kushangaza: tangu mwaka 2015 nchi ina majimbo 26, na kwa alfabeti Équateur inafuata Bas-Uele moja kwa moja. Lakini mashini ikipanga kwa namba za herufi, Équateur inaanguka mwisho kabisa, baada ya Tshopo na Tshuapa. Mkaaji wa Mbandaka anayetafuta jimbo lake katika E haoni kitu, anafunga ukurasa, anasema: "Wametusahau."

Na tarehe je? Afisi nyingi zinaandika jina la faili kama tarehe inavyosemwa kwa mdomo: siku, mwezi, mwaka. Mashini inaanza na siku. Kartasi ya 01-12-2019 itatangulia ya 02-01-2024, kisha ifuate ya 03-06-2021, miaka ikichanganyikana kama karata. Mwezi ukiandikwa kwa neno la Kifaransa, hali inakuwa mbaya zaidi: août inafungua mwaka, janvier inakuja ya tano, na juillet inatangulia juin. Mtu anayetaka kufuata matumizi ya fedha za mtaa wake mwezi kwa mwezi atalazimika kupanga upya kwa kalamu kile ambacho ordinatere ingeweza kupanga kwa kufumba na kufumbua.

Wengine wanadhani wamepata dawa: kupanga kwa tarehe ambayo faili iliguswa mara ya mwisho kwenye seva. Hiyo nayo ni mtego. Tarehe hiyo haisemi mkataba ulitiwa sahihi lini. Hati ya mwaka 2012 ikichanganuliwa upya kwa sababu ukurasa mmoja haukusomeka, itapanda juu kama hati mpya. Na seva ikibadilishwa na faili zote zikanakiliwa siku moja, historia yote ya miaka kumi inaweza kuonekana kama imezaliwa siku hiyo. Kwa raia anayetaka kujua nani alisaini, chini ya waziri gani, kabla ya uchaguzi au baada yake, huo ni upotevu mkubwa.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi wa informatiki, na kwamba nchi yenye vita mashariki na barabara zilizokatika ina matatizo mengine. Ni kweli kwamba matatizo mengine yapo. Lakini hili lina tofauti moja: kulitatua karibu hakuhitaji fedha. PHP ina agizo linaloitwa natsort, linalolinganisha majina jinsi mtu anavyoyasoma, 2 kabla ya 10. Lina ndugu yake, natcasesort, asiyejali herufi kubwa au ndogo. Kwa herufi zenye alama kuna chombo kinachoitwa Collator, kinachorudisha Équateur mahali pake. Na pale ambapo hakuna skripti, ukurasa unapotengenezwa na seva ya Apache yenyewe, kuna chaguo la VersionSort, linalopanga namba kama namba. Ni neno moja katika faili ya mipangilio.

Kuna hata njia isiyohitaji fundi. Sekreteri anayeandika jina la faili akiweka sifuri mbele, 01, 02, 03 hadi 12, mashini itapanga vizuri bila kuambiwa. Akiandika tarehe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kama 2024-03-15, mpangilio wa alfabeti na mpangilio wa wakati vinakuwa kitu kimoja. Hiyo ni kanuni ya kimataifa, ISO 8601, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1988. Inafundishika kwa asubuhi moja, na hata jenereta ikizimika kabla ya saa sita, somo litakuwa limekwisha.

Wengine watajibu kwamba raia atumie chombo cha kutafuta. Jibu hilo linasahau namna kartasi nyingi za serkali zinavyoingia kwenye intaneti: zimetiwa sahihi, zimepigwa muhuri, kisha zimechanganuliwa kama picha. Chombo cha kutafuta hakisomi picha kila mara. Kwa hati kama hizo, jina la faili na nafasi yake katika orodha ndivyo vinavyomwongoza msomaji. Na kila faili anayofungua kimakosa inakula mega alizolipa kwa franka zake. Hati ya kurasa mia moja iliyochanganuliwa inaweza kumaliza alichonunua kwa siku nzima. Kwa hiyo orodha mbaya ni kama kodi, na anayeilipa ni yule mwenye telefone ndogo, si mwenye afisi iliyo na intaneti ya bure.

Tena, si kweli kwamba jambo hili linagusa wachache wenye intaneti tu. Huko Masisi, Fizi, Mambasa au Fungurume, mtu mmoja anafungua na wengi wanasikia: mwanahabari wa redio ya jamii, mwalimu, mjumbe wa shirika la raia, mwanafunzi aliyerudi likizo. Akifungua kartasi sahihi, wote wanapata kilicho sahihi. Akifungua ya tisa akidhani ni ya mwisho, kosa lake linasomwa hewani kwa lugha tatu.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenye kurasa zilizovurugika halina tofauti kubwa na kukosa daftari. Ni vizuri pia kusema wazi kwamba fujo ina marafiki. Asiyetaka mkataba wake usomwe hana haja ya kuuficha ikiwa dosie lenyewe linaficha kwa niaba yake. Afisi isiyo na la kuficha ina sababu ya kwanza ya kupanga kartasi zake, ili isishukiwe bure.

Basi mambo manne yanaweza kudaiwa bila kusubiri bajeti mpya. Kwanza, kila wizara, jimbo na mtaa unaochapisha hati uandike majina ya faili kwa kanuni moja: mwaka, mwezi, siku, kisha aina ya kartasi. Pili, skripti ipange namba kama namba na herufi kama msomaji anavyozijua. Tatu, tarehe ya sahihi ionekane pembeni ya jina, na hati mpya ikae juu. Nne, juu ya orodha iandikwe idadi ya hati, ili ikitoweka moja, raia aone.

Vyuo vya Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani na Lubumbashi vinafundisha informatiki, na wanafunzi wao wanatafuta kazi za kumalizia masomo. Kupanga upya dosie za mtaa ni kazi ya namna hiyo hasa: ndogo, halisi, na wakaaji wataona faida yake siku hiyohiyo. Mashirika ya raia nayo yanaweza kuanza wiki hii. Kiongozi yeyote anayesema afisi yake iko wazi aombwe kuchukua telefone yake mwenyewe, si ordinatere ya afisi, na kutafuta hati ya mwisho aliyoitia sahihi. Asipoipata kwa dakika tano, mkulima wa Rutshuru hataipata kamwe.