Tunachangia Jeneza, Tunasahau Kitanda

Sisi watu wa Unguja tuna sifa moja ambayo hakuna awezaye kutunyang'anya: tunajua kuzika. Afe mtu Malindi au Mkunazini, habari itafika Ng'ambo kabla sanda haijakatwa. Atapatikana wa kumkosha, wa kuchimba, wa kupika na wa kusoma. Hata aliyekuwa hasemi na marehemu kwa miaka kumi utamwona kashika jeneza. Ni sifa njema, nami siiondoi.

Sifa hii tumesafiri nayo. Waliotoka Visiwani baada ya Mapinduzi ya 1964, walioitwa Oman baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, na waliokimbilia Uingereza kufuatia misukosuko ya uchaguzi wa 1995 na mauaji ya Januari 2001, wote wameichukua mizigoni mwao. Leo popote walipokusanyika Wazanzibari wachache ugenini, hapakosi daftari la maziko. Mtu akifa, fedha za kaburi, za gari na za chakula cha khitima hupatikana kwa usiku mmoja au miwili. Hapo napo nasema: Mungu awalipe.

Ninalogombana nalo ni hili. Mtu huyohuyo tunayemchangia maelfu akiwa ndani ya sanda, hatukumpelekea bakuli la uji alipokuwa na mshono. Daftari letu lina ukurasa wa jeneza, halina ukurasa wa kitanda. Nami nathubutu kusema kwamba jamaa wenye mpangilio wa namna hiyo hawajui kusaidiana. Wanajua kuagana tu.

Mimi mwenyewe nilifunguliwa kifua nikiwa Ulaya, kwa hiyo sisemi ya kusimuliwa. Maradhi yangu yalianza Mji Mkongwe, katika utoto, kama yanavyoanza kwa watoto wengi wa Afrika ya Mashariki. Mtoto huumwa na koo, koo likapoa, kila mtu akasahau. Kumbe mwili uliokuwa ukipigana na vijidudu vya koo umegeuka ukaushambulia moyo wake wenyewe. Koo lile lingetibiwa mapema kwa penisilini, mambo yangekuwa mengine. Yasipotibiwa, na homa ikarudi mara kwa mara, milango ya moyo huota makovu, na ukubwani mtu hushindwa kupanda ngazi za nyumba aliyozaliwa. Ngazi za nyumba zetu za mawe mnazijua.

Madaktari walifanya kazi yao, na sina lalamiko hata moja juu yao. Walipasua mfupa wa kifua kwa msumeno, wakauondoa mlango mbovu wa moyo, wakatia wa chuma, kisha wakaufunga mfupa kwa waya. Siku ya pili walinikalisha kitini. Siku ya nane walinipa karatasi, dawa na pole, wakanifungulia mlango. Hivyo ndivyo hospitali za huko zinavyokwenda: kitanda ni cha mwenye hatari, na aliyekwisha kuvuka hatari anakwenda kupona kwao.

Kwao wapi? Hilo ndilo swali ambalo jamaa zetu hawataki kuulizwa. Mfupa wa kifua huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kushikana. Katika muda huo mtu haruhusiwi kunyanyua ndoo, kusukuma mlango mzito, kuendesha gari, wala kujivuta kwa mikono anapoinuka kitandani. Hawezi kujisugua mgongo. Akikohoa hukumbatia mto. Sasa mchukueni mtu huyo, muwekeni peke yake katika chumba cha ghorofa ya tatu, katika mji ambao saa kumi jioni ni kiza na baridi, halafu mniambie kwamba Ulaya kuna kila kitu.

Bakuli la supu nililetewa na bibi jirani, Mjamaika mtu mzima, ambaye tulikuwa hatujapita kuamkiana ngazini. Alibisha hodi kila siku kwa wiki tano. Jamaa zangu nao walinipigia simu, wakaniombea dua, wakasema wakinihitaji niwaambie. Na katika mwezi huohuo alifariki mwenzetu mmoja aliyekuwa akiugua miezi saba katika chumba kisichofika mbali na msikiti wetu. Fedha zilipatikana kwa siku mbili, zikabaki. Nilimwuliza mmoja wa wakubwa wa chama: je, katika miezi ile saba zilitoka ngapi? Akanijibu kwamba katiba ya chama haina kifungu hicho. Jibu lake nimelihifadhi, kwani ndilo lililonifanya niandike maneno haya.

Wako watakaosema: serikali za huko zinamtazama mgonjwa. Kweli, Uingereza haimtozi mkaazi wake fedha za operesheni. Ndivyo ilivyo tangu huduma yao ya afya ilipoanzishwa Julai 1948. Mwajiriwa naye ana haki ya posho ya ugonjwa hadi wiki ishirini na nane. Lakini posho hiyo ni ndogo, na wengi wetu hatuishi kwa ajira za namna hiyo. Tunafagia maofisi usiku na kulipwa kwa saa, na saa usiyofanya hailipwi.

Ama waliopo Ghuba, wachukue kalamu tupige hesabu pamoja. Sheria ya kazi ya Imarati inampa mfanyakazi aliyemaliza muda wa majaribio siku 90 za ugonjwa kwa mwaka: 15 za mwanzo kwa mshahara kamili, 30 zinazofuata kwa nusu mshahara, na 45 zilizobaki bila ya malipo. Mfupa wa kifua ukitaka wiki kumi na mbili, hizo ni siku 84. Basi mtu huyo ana siku 15 za kula vizuri, 30 za kula nusu, na siku 39 za kula nini? Sheria imekwisha kusema. Waliobaki kusema ni jamaa.

Na jamaa wanasema, ila wanasema kinyume. Hapa nawageukia ndugu zangu wa Unguja, tena bila ya kuwaficha. Mtu kashonwa kifua, na simu inalia kutoka nyumbani: ada ya skuli, bati la paa, harusi ya binamu. Anaambiwa pole kwa sentensi moja, na haja hufuata kwa sentensi kumi. Wengi hurudi kazini mshono haujakauka kwa sababu ya simu hizo. Aliyeko ugenini tumemfanya kuwa kisima. Hata ndoo ikitoka na damu, tunateka.

Lakini mgonjwa naye ana lake. Tumefundishwa kuyaficha maradhi kama yanavyofichwa madeni. "Usimwambie mtu." Tunaogopa hasadi, tunaogopa kusemwa, na mwanamke aliyetolewa kizazi huogopa hata mashoga zake. Rais Jakaya Kikwete alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume huko Baltimore, Marekani, Novemba 2014, wananchi waliambiwa ni maradhi gani na amepasuliwa nini. Akarejea nchini baada ya wiki tatu, akayaeleza kwa kinywa chake. Hakuna heshima iliyompungukia. Ikiwa mkuu wa nchi aliweza kuitaja tezi yake mbele ya taifa zima, sisi makuli na wapishi tunaificha ili tulinde cheo gani? Asiyesema maumivu yake hana haki ya kulaumu kwamba hakuuguzwa. Amwambie japo watu wawili.

Siri hii ina madhara yake mengine, nayo nimeyaona kwa macho. Mama mtu mzima, hajui Kiingereza, amekaa mbele ya daktari kuelezwa maradhi ya kizazi, na mkalimani wake ni mwanawe wa kiume wa miaka kumi na mbili. Mtoto anameza maneno kwa haya, mama anaitikia kwa haya, na daktari anaandika kwamba mgonjwa ameelewa. Hospitali za Uingereza hutoa mkalimani ukimwomba, lakini nani amwambie mama huyo kwamba ana haki ya kuomba? Katika jamaa yetu wamo walimu, makarani na wanafunzi wa vyuo vikuu. Siku ya maziko wote huomba ruhusa kazini. Siku ya kliniki hawaonekani.

Wako pia wanaosema kwa nia njema: basi arudi Unguja akauguzwe na watu wake. Maneno haya matamu, lakini huyasema asiyejua. Daktari hamruhusu mtu kupanda ndege siku chache baada ya kufunguliwa kifua. Tena aliyetiwa mlango wa chuma hunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara, khasa miezi ya mwanzo: ikiwa nzito mno mlango hukwama au kiharusi humpata, ikiwa nyepesi mno huvuja ndani. Hata mchicha na kisamvu hubadilisha nguvu ya dawa hiyo. Hakatazwi kula, lakini inatakiwa ale kwa kiasi kisichopanda na kushuka. Chupa za miti shamba anazopelekewa na shangazi wa Makunduchi, kwa mapenzi matupu, zinaweza kumwua. Na yule aliyeomba hifadhi, ambaye karatasi zake hazijatoka, akirudi, atarudi vipi tena kumwona daktari wake?

Wala nisije nikasingizia kwamba nyumbani kila kitu ni sawa. Mji Mkongwe mgonjwa haachwi peke yake, lakini pengine haachwi hata kulala. Wageni hujaa chumbani saa ya dawa, na hapakosi mmoja wa kusimulia fulani aliyepasuliwa kama wewe akafa siku ya tatu. Hayo nayo yana haja ya kurekebishwa. Lakini yapo mengine yasiyopatikana kwa fedha: sinia linaloingia kwa mlango wa nyuma bila ya kuulizwa limetoka wapi, mtoto wa jirani anayetumwa dukani kwa niaba yako, wazee wa barazani wanaouliza kila asubuhi, "Mgonjwa kaamkaje?" Nenda Hospitali ya Mnazi Mmoja saa ya kutazama wagonjwa uone vikapu vinavyoingia. Hao wenye vikapu si matajiri. Ndio watu haohao ambao, wakivuka bahari, huambiana kwamba katiba haina kifungu.

Na tusiseme kwamba ugeni hauruhusu. Katika mji wetu pale ufukweni, mbele ya bandari, lipo jengo zuri lenye roshani za mbao zilizochongwa, ambalo wageni hulipiga picha mchana kutwa. Alilianzisha Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyetoka Kachchh, mwaka 1887, kwa nia liwe hospitali. Alifariki kabla halijamalizika, na baadaye likatumika kwa miaka mingi kutolea dawa. Tharia Topan alikuwa mgeni kwetu kama sisi tulivyo wageni kwa watu. Mali yake angeweza kuiweka katika kaburi la kifahari. Aliiweka penye mgonjwa.

Dini yetu nayo haikutupa ruhusa ya kuchagua. Katika haki za Mwislamu kwa nduguye, kumzuru mgonjwa kumetajwa pamoja na kufuata jeneza. Sisi tumeichukua moja, ile inayoonekana na watu wengi, tukaiacha ile inayofanywa chumbani pasipo na shahidi. Jeneza lina safu, lina khutba, lina majina ya waliotoa. Kumwosha mtu mzima mgongo wake hakuna anayekutangaza.

Ninachotaka si kikubwa. Kila chama chenye daftari la maziko kifungue ukurasa wa pili. Mtu akipewa tarehe ya kupasuliwa, ipangwe zamu ya wiki sita: leo fulani atampikia, kesho fulani atamfulia, Jumatano fulani atakwenda naye kliniki kumfasiria. Mchango wa miezi mitatu utolewe angali hai, ili kodi ya chumba isimkimbize kazini. Wanawake wafasiriwe na wanawake. Na ndugu wa nyumbani wapelekewe habari moja iliyo wazi: mtu wenu amepasuliwa, hana cha kutuma mpaka muda fulani, na msimpigie kwa haja.

Najua nitakalojibiwa: fedha hazitoshi mambo mawili. Basi na yapunguzwe masufuria ya biriani ya khitima. Maiti hali biriani, na walio hai watakaoikosa watashiba nyumbani kwao. Tutakapokutana tena kwa hesabu za mwaka, yuko mwenzetu mwenye tarehe ya operesheni mfukoni, amenyamaza pale nyuma karibu na viatu. Kabla ya kuuliza zimebaki ngapi za kuzikia, na tuulize nani anaingia hospitali mwezi ujao, na nani atakayemfungulia mlango atakaporudi.