Mtoto anayejikwaa akiwa kwenye dawa za saratani hadeki

Wiki chache baada ya kuanza matibabu ya saratani, baadhi ya watoto huanza kujikwaa. Ndala zinawavuka wakitembea, ngazi zinawashinda, hata kufunga vifungo vya shati kunakuwa kazi. Nyumbani wapo watakaosema mtoto anadeka, na wapo watakaonong'ona kuwa karogwa. Mara nyingi chanzo ni dawa anayochomwa mshipani.

Dawa hiyo ni vinkristini. Asili yake ni ua dogo la Madagaska ambalo wengi wamelipanda uani kwa urembo tu. Tangu miaka ya 1960 imetumika kutibu saratani ya damu ya watoto, uvimbe wa figo na uvimbe wa Burkitt, ule unaotokea sana kwenye taya, ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa Uganda.

Kila seli ina kiunzi ndani yake, mithili ya fito za nyumba ya udongo. Baadhi ya fito hizo ni mirija myembamba mno iliyojengwa kwa protini iitwayo tubulini. Seli hutumia mirija hiyo kujigawa. Vinkristini huikamata tubulini, mirija isijengeke, na seli ya saratani, ambayo haichoki kujigawa, ikafa.

Seli za neva hazijigawi, lakini zinaihitaji mirija hiyohiyo kama reli. Neva iendayo mguuni inatoka kwenye seli iliyoko mgongoni. Kwa mtu mzima safari hiyo ni karibu mita moja. Mahitaji yake hutengenezwa huko juu kisha hubebwa kwenye reli hiyo, mzigo wa haraka ukienda hadi milimita 400 kwa siku. Reli ikiharibika, kituo cha mwisho ndicho kinachokosa mzigo kwanza. Ndiyo maana shida huanzia miguuni, kisha vidole vya mikono.

Mwambie mtoto asimame kwa visigino. Akishindwa, au akilalamika ganzi na kuchomachoma, daktari ajue kabla ya dozi inayofuata. Taya nalo linaweza kuuma siku chache baada ya sindano, na mzazi wa mtoto mwenye Burkitt hudhani uvimbe umerudi. Aulize, asikae na hofu hiyo peke yake. Neva za utumbo pia huguswa. Mtoto akikosa choo na tumbo likajaa, hilo si la kusubiri siku ya kliniki.

Jihadhari na dawa za fangasi za kumeza, hasa itrakonazoli. Huzuia ini kuivunja vinkristini, na madhara kwenye neva huongezeka. Kama katika ukoo wapo watu wenye miguu dhaifu tangu utotoni, sema mapema, maana yapo magonjwa ya neva ya kurithi yanayoifanya dawa hii iwe hatari zaidi.

Kosa kubwa ni kumwachisha mtoto dawa kimyakimya. Saratani haisubiri miguu ipate nguvu. Daktari anaweza kupunguza dozi au kuisogeza mbele, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akasaidia. Watoto wengi hurudia hali nzuri dawa ikiisha, ila neva hujijenga polepole na huchukua miezi. Kwa kipindi hicho, viatu vyenye mkanda wa nyuma vinafaa kuliko ndala.