Tumwulize Mgonjwa Angali na Sauti



Sisi wauguzi tunamkumbuka baba mmoja, mkulima wa ulezi, aliyeletwa wodini usiku akiwa amelazwa juu ya godoro nyuma ya gari. Ugonjwa wake ulianza mkononi: jembe lilikuwa likimponyoka. Baadaye miguu ililegea, kisha ulimi. Usiku ule pumzi ilikuwa fupi. Kaka yake alitaka apelekwe Mbeya, safari ya zaidi ya kilometa 300, akawekwe kwenye mashine ya kupumulia. Mkewe alitaka arudi nyumbani. Wakabishana pale pale kitandani, naye mgonjwa akiwatazama huku machozi yakimtoka. Alisikia kila neno. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwuliza anataka nini, na sisi tuliompa dawa hatukumwuliza pia.

Yako magonjwa yanayoharibu misuli, au mishipa ya fahamu inayoiendesha. Mengine hurithiwa na huenda polepole. Lile baya zaidi humlegeza mtu mzima mikono, miguu, koo na hatimaye misuli ya kupumua. Wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili zianze. Mara nyingi akili hubaki timamu. Sauti yaweza kupotea mapema.

Lakini tusikate tamaa kabla ya uchunguzi. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni kwa siku chache, au unaozidi jioni pamoja na kope kuanguka, waweza kutibika. Mgonjwa wa namna hiyo aletwe hospitali mara moja, asizungushwe kwanza kutafuta aliyemloga.

Pale ambapo hakuna dawa ya kuponya, kazi ya kumhudumia haijaisha. Ndiyo inayoitwa tiba shufaa. Mgonjwa aketishwe wima anapokula. Kwa wengi uji mzito wa ulezi humezeka kwa usalama kuliko maji matupu. Ageuzwe kila baada ya saa mbili asipate vidonda. Maumivu ya kichwa asubuhi na usingizi mwingi mchana ni dalili kwamba pumzi inapungua usiku: daktari aambiwe. Mofini ya maji, kwa kipimo cha daktari, hupunguza adha ya kukosa pumzi. Si sumu.

Pamoja na hayo, maoni yetu ni kwamba mazungumzo ni sehemu ya tiba, nayo yaanze mapema. Mgonjwa aulizwe: Unapenda kuhudumiwa wapi? Ukishindwa kumeza, uwekewe mpira wa kulishia? Pumzi ikipungua, upelekwe mbali kwenye mashine, au utulizwe hapa kwetu? Nani aseme kwa niaba yako? Nani unataka kupatana naye? Majibu yaandikwe katika daftari mbele ya mke au mume, watoto na ndugu, na nakala iwekwe katika faili la hospitali. Akibadili mawazo, yaandikwe upya.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza hivyo ni kumtabiria kifo. Tunaelewa hofu hiyo, maana sisi wenyewe tumeificha nyuma ya neno "utapona". Lakini mgonjwa anaujua mwili wake kuliko sisi. Tukinyamaza, tunamwacha peke yake na mawazo yake.

Wengine huuliza kama kukataa mashine ni dhambi. Papa Pio wa 12, akizungumza na madaktari Novemba 24, 1957, alieleza kwamba mtu halazimiki kutumia njia zisizo za kawaida ili kurefusha maisha. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo. Yakataza kabisa kumwua mgonjwa, na kusema kwamba huduma za kawaida zisikatishwe. Tunamkumbuka pia Papa Yohane Paulo wa 2, aliyetutembelea Tanzania Septemba 1990. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine, lakini sauti yake nayo ilikwisha. Siku za mwisho alibaki chumbani mwake Vatikani, hakurudishwa hospitali, akafariki Aprili 2, 2005.

Sisi wa Ufipa tuna mfano wa Adrian Atiman, aliyefika Karema mwaka 1889 na kufia huko mwaka 1956. Alikuwa tabibu na katekista kwa pamoja. Nasi tusitenganishe kazi hizo. Jumuiya ndogondogo, hapa Izia na vigangoni, zipange zamu za kumgeuza mgonjwa na kumpumzisha anayemwuguza. Padre aitwe mapema kwa Mpako wa Wagonjwa, wakati mgonjwa angali aweza kuungama kwa kinywa chake.

Kama nyumbani kwenu yuko mgonjwa wa namna hii, keti naye leo jioni. Mwulize, kisha unyamaze umsikilize.