Hospitali si kituo cha polisi: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia nikiwa muuguzi wa Pwani, na ombi langu ni moja: utoe waraka wenye sahihi yako, ufike kila kituo cha afya, useme kwamba shoga au msagaji akija kutibiwa atatibiwa, na siri yake itabaki ndani ya faili lake.

Sheria ya kukuunga mkono ipo. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya. Tena tarehe 22 Machi 2018, Mahakama ya Rufaa ya Mombasa iliamua kwamba kumkagua mtu kwa lazima njia ya haja kubwa ili kutafuta ushahidi wa ushoga ni kuvunja Katiba. Katika kesi hiyo, wanaume wawili walikamatwa Kwale mwaka 2015, wakapelekwa hospitali ya umma, wakakaguliwa na kupimwa Virusi vya Ukimwi. Askari waliwafikisha tu. Waliowakagua ni watu wa kazi yetu, na hilo ndilo linaloniuma. Chama cha Madaktari Kenya kililaani ukaguzi huo mwaka 2017, lakini vijana wanaoajiriwa leo hawajasikia hukumu ya Mombasa. Hakuna aliyewaambia.

Usiku kijana huingia chumba cha majeruhi uso umevimba, mbavu hazishikiki, akasema ameanguka na bodaboda. Viganja na magoti havina mchubuko hata mmoja. Ukivuta pazia ukasema naye taratibu, yanatoka: alijuana na mtu kwenye simu, akaitwa nyumbani kwake, akakuta genge linamngoja. Wakampiga picha, wakampiga na yeye, wakamlazimisha kutuma pesa zote za M-Pesa. Ukimtajia fomu ya P3 ya polisi anatafuta viatu vyake. Polisi watamuuliza alifuata nini kule, na kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinawatishia mashoga miaka 14 jela. "Sista, nipe za maumivu tu."

Wanawake huficha zaidi. Msagaji akija na maumivu ya tumbo la chini, anaulizwa mume yuko wapi, kisha anatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Anajibu uongo, nasi tunautibu huo uongo.

Wengine tunawaelekeza kwa mhubiri ili wabadilike. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990, na hakuna tiba ya kubadili mtu anampenda nani. Mgonjwa anayefukuzwa na mahubiri harudi, hata kwa kifua kikuu.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta kifungu cha 162. Naamini kitafutwa siku moja, lakini hilo si la wizara yako. Lako ni mlango wa zahanati. Mtwapa, mwaka 2010, uvumi wa harusi ya mashoga ulitosha kuleta umati kwenye kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kilichotoa huduma za Ukimwi. Mipango ya taifa ya Ukimwi inawataja wanaume wanaolala na wanaume kuwa miongoni mwa wanaopaswa kufikiwa kwanza. Watafikiwaje wakiogopa kuingia?

Waraka ukataze ukaguzi ule wa njia ya haja kubwa, ukataze kuwaita polisi au jamaa bila ridhaa ya mgonjwa, na useme mhudumu akitoboa siri ashtakiwe wapi na achukuliwe hatua gani. Usipotaja adhabu, utabaki karatasi ya ukutani.

Muuguzi wa Pwani